Turubai la gari la kambi likigoma: tafuta chanzo kabla ya kuvuta

Turubai la pembeni mwa gari la kambi hufunguka na kujikunja vizuri kwa muda mrefu, halafu siku moja linarudi likiwa limekaa upande, au linabaki nje huku wingu jeusi linasogea, nawe umesimama na fimbo mkononi hujui uvute au uache. Hapo ndipo wengi wanapolilazimisha. Mikono mingi ya turubai, ile ya alumini inayolishikilia, ambayo nimewahi kuinyoosha ilipinda hivyo: skrubu moja ilichomoka, kitambaa kikahama kidogo, watu wawili wakavuta kwa nguvu zao zote.

Nimepanga mambo haya kwa dalili, jinsi mwenye gari anavyozikuta. Dalili inaweza kuonekana huku na chanzo kikawa upande wa pili kabisa wa turubai, kwa hiyo nakuomba utazame na upime kabla ya kushika spana.

Kwanza jua turubai lako ni la aina gani

Kuna la springi: unalivuta kwa ukanda au fimbo yenye ndoano, na springi iliyo ndani ya bomba, lile ambalo kitambaa hujizungushia, ndiyo inayolirudisha. Kuna la mota ya volti 12, linaloendeshwa kwa swichi. Na kuna la kuzungusha kwa wenzo, ambalo kitambaa chake huingia ndani ya sanduku lililofungwa ukutani.

Kisha kitambaa. Vinili ni laini kama plastiki, maji hayapiti, na hewa pia haipiti. Akriliki ya kufumwa ukiigusa ni kama nguo nzito, na nyuzi zake unaziona pande zote mbili. Inapumua, inafukuza maji, lakini haizuii maji kabisa. Tofauti hii itakurudia kwenye madoa na kwenye matone, kwa hiyo nenda ukaguse sasa.

Na onyo moja ambalo silisemi kwa kutimiza wajibu tu. Springi iliyo ndani ya bomba hukaa imekazwa hata turubai likiwa limekunjwa lote. Ukifungua kifuniko cha mwisho wa bomba, au ukiondoa mkono bila kulifunga bomba kwa pini kwanza, vyote vitazunguka kwa ghafla na kwa nguvu ya kuvunja vidole. Kukaza na kulegeza springi ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya, au yako ukiwa na kitabu cha turubai hilohilo mkononi na mtu wa pili pembeni.

Maji yanatuama katikati

Hii ndiyo dalili inayodharauliwa kuliko zote, nami naichukia kuliko zote. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dimbwi la mita moja na nusu kwa mita moja, lenye kina cha wastani cha sentimita 5, ni lita 75. Ni sawa na mtu mzima aliyelala juu ya kitambaa kinachoshikiliwa na mikono miwili myembamba ya alumini.

Nakumbuka usiku mmoja wa mvua ndogo, ile isiyokutoa kitandani. Nilisikia mlio mmoja tu, kama kijiti kikavu kimekanyagwa, nikageuka nikalala. Asubuhi nikakuta mkono wa nyuma umejikunja pale pale penye tundu la ribiti, na dimbwi bado liko juu, majani mawili yanaelea. Kitambaa hakikuwa na mchaniko hata mmoja. Chanzo chote kilikuwa kwamba mikono miwili ilikuwa sawasawa kwa urefu.

Kwa hiyo shusha mkono mmoja hadi mwinamo uonekane kwa macho ukiwa umesimama mbali. Sentimita mbili tatu hazifai kitu. Ukingo wa mbele nao uwe chini kuliko reli ya ukutani. Kisha mwaga kikombe cha maji karibu na reli uyatazame yanakokwenda. Yakisimama njiani, na maji ya mvua yatatuama papo hapo.

Dimbwi likiwa limeshajaa, usibonyeze swichi ya kukunja na usiingie chini yake. Shusha mkono wa upande mmoja polepole, huku mwenzako ameshika wa pili, maji yatafute njia yenyewe. Ukiyasukuma kutoka chini kwa mpini wa ufagio unatoboa vinili, hasa ikiwa imezeeka.

Kama kitambaa kinalegea hata kikiwa kikavu, tazama bomba. Kwenye turubai la mota, mtu akishikilia swichi kupita kiasi, kitambaa kinakwisha kwenye bomba na bomba linaendelea kuzunguka, hadi kitambaa kinaanza kujizungushia upande usio wake. Ukitaka kulijua hilo, tazama kitambaa kinatokea wapi kwenye bomba, juu au chini, ulinganishe na kilivyokuwa zamani. Lirudishe kidogo kidogo hadi likaze. Kwenye la springi, ulegevu mara nyingi ni kitasa cha kwenye ncha ya bomba, cha kuchagua kukunjua au kukunja, kilichoachwa nafasi mbaya, au mikono ambayo haikunyooshwa hadi mwisho.

Linajikunja upande mmoja

Mwisho mmoja unafika ukutani mapema, mwingine unachelewa, na kitambaa kinajirundika kwenye ncha moja ya bomba kwa umbo la pia ya kuchezea. Usivute ncha iliyochelewa kwa mkono ili zilingane. Likunjue lote, simama mbele yake hatua kumi hivi, ulitazame kabla ya kufanya lolote.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni kitambaa kilichohama kwenye reli. Pindo la juu lina kamba ndani yake, na kamba hiyo imepitishwa kwenye mfereji wa reli ya ukutani. Pindo la chini limepitishwa vivyo hivyo kwenye mfereji wa bomba. Kinachokizuia kitambaa kisitambae kushoto au kulia ni skrubu ndogo kwenye kila ncha. Skrubu hizo hulegea kwa mtikisiko wa barabara, mojawapo ikadondoka bila mtu kujua, na kila safari kitambaa kinahama milimita mbili, tatu. Pima umbali kutoka ukingo wa kitambaa hadi mwisho wa reli, kisha kutoka ukingo huohuo hadi mwisho wa bomba, halafu nenda upande wa pili ukafanye vilevile. Mimi huchukua kipande cha kadibodi nikakitia alama ya kalamu, kwa sababu tepu ya kupimia hupinda ukiwa juu ya ngazi na macho hudanganyika. Alama zikitofautiana kati ya juu na chini, umeshaupata ugonjwa wa turubai. Lainisha mfereji kwa silikoni kavu ya kupuliza, mkisukume kitambaa wawili, mmoja kila ncha, kirudi mahali pake, kisha weka skrubu mpya zisizoshika kutu. Skrubu iwe fupi: ndefu itapita ikatoboe kitu nyuma yake.

Alama zikilingana, geukia mikono. Pima mshazari: kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, umbo limeacha kuwa mstatili, na mkono mmoja umepinda au kishikio chake kimehama. Pitisha kidole kwenye upande wa ndani wa mkono. Alumini iliyopinda huacha mkunjo mdogo unaousikia kwa ngozi kabla macho hayajauona. Mkono uliopinda ukanyooshwa haurudii nguvu yake ya kwanza. Huo ubadilishe.

Baada ya hayo ndipo ufikirie springi. Baadhi ya maturubai yana springi kila ncha ya bomba, na moja ikichoka kabla ya mwenzake upande wake unachelewa kila mara, hata kitambaa kikiwa mahali pake. Kazi hiyo mwachie fundi.

Na kabla ya yote hayo tazama kama kuna kijiti au ukanda wa kuvutia uliokunjikia ndani. Ukanda wenyewe, ukikaa ncha moja badala ya katikati, unaongeza unene upande mmoja na kulipindisha turubai zima.

Mota haiitiki

Bonyeza swichi na utege sikio, kwa sababu sauti inakuambia utafute wapi. Kimya kabisa: umeme haufiki. Mlio mfupi wa "tik" tu: rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, inafanya kazi, lakini umeme unapotelea mbele yake. Muungurumo bila mwendo: mota inapata umeme na kuna kitu kimeikaba, au meno ya gia yameliwa.

Kwenye kimya, anza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi. Ikiwa karibu na 12.0, imebakiwa na chaji kidogo, na mota ndiyo ya kwanza kulalamika, kwa sababu hula umeme mwingi kuliko taa. Taa kuwaka si ushahidi wa betri nzima. Kisha tazama swichi ya injini: magari mengi hukata umeme wa turubai ufunguo ukiwa umewashwa, ili mtu asiendeshe likiwa nje. Hili limewafanya watu wafungue mota nzima bila sababu.

Halafu fyuzi. Ikiwa imeungua, weka ya namba ileile. Ukiweka kubwa zaidi, kinachoungua safari ijayo ni waya ulio ndani ya ukuta, na huo huuoni hadi moshi utoke. Fyuzi ikiungua tena mara moja, kuna waya uliochubuka unaogusa mwili wa gari, au mota imekwama. Acha kubadilisha fyuzi utafute hilo.

Vyote vikiwa sawa, chomoa plagi ya mota, weka mita ya kupimia umeme kwenye nyaya mbili, na mwenzako abonyeze "toa" kisha "rudisha". Unatakiwa uone karibu volti zilezile za betri, na alama igeuke kati ya jumlisha na kutoa, kwa sababu mota hugeuza mwelekeo kwa kugeuziwa umeme. Ukisoma 12 na ushee, chomeka plagi ujaribu tena. Mota ikibaki kimya, ndiyo iliyokufa. Usiposoma kitu, rudi nyuma kwenye swichi. Tatizo linaweza pia kujificha: plagi ikiwa imechomolewa mita inasoma vizuri, lakini mota ikianza kuvuta, volti zinaanguka hadi tisa au nane. Hiyo ni kutu kwenye kiungo, na aghalabu ni waya wa hasi. Fungua kiungo, kisugue hadi shaba ing'ae, kaza upya.

Mota nyingi zina kinga ya joto. Ukilikunjua na kulikunja mara kadhaa mfululizo itajizima, na baada ya dakika kumi au zaidi itarudi yenyewe.

Likiwa limebaki nje na safari imefika, tafuta kwenye kitabu njia ya kulikunja kwa mkono: matoleo mengi yana tundu upande wa mota la kuingizia ufunguo wa pembe sita au drili. Zungusha taratibu. Ukishalifunga, lizungushie mikanda kwenye kila mkono, maana breki ya mota iliyoharibika haitalishika barabarani.

Turubai linalojikunja lenyewe bila kuambiwa mara nyingi halina ubovu. Ni kihisi cha upepo. Angalia betri yake ndogo na kiwango cha wepesi wake wa kuhisi.

La springi haliachii, au linarudi kwa uchovu

Kitasa kidogo kwenye ncha ya bomba kina nafasi mbili, ya kukunjua na ya kukunja. Kikikataa kugeuka, bomba bado limekivuta: livute turubai nje kidogo ili meno yaachie, ndipo ukigeuze kwa fimbo. Kukigonga kwa nyundo kunavunja meno yenyewe. Vumbi likishagandamana humo, lioshe kwa maji na brashi, likauke, kisha upulize kilainishi kikavu. Usitumie grisi wala mafuta ya injini kwenye viungo vya mikono, kwa kuwa vumbi hunata humo na baada ya miezi michache una msasa mahali ulipotaka utelezi.

Likirudi kwa uchovu hata viungo vikiwa safi, springi imelegea. Likirudi kwa kishindo, mtu aliikaza kupita kiasi, na hilo ni hatari zaidi.

Madoa meusi na harufu ya uvundo

Kuvu inakula uchafu uliokaa juu ya vinili kuliko vinili yenyewe: vumbi, chavua ya maua, kinyesi cha ndege, utomvu. Turubai likikunjwa likiwa limelowa unaifungia kila inachohitaji, yaani giza, unyevu na chakula. Safari zinatulazimisha wakati mwingine kulikunja likiwa na maji. Basi likunjue ndani ya siku moja, zisizidi mbili, likauke pande zote na kwenye pindo la chini, linalokauka mwisho.

Vinili ioshe kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, kwa brashi yenye nywele laini. Njia ninayoipenda: paka sabuni upande wa juu, likunje, liache dakika tano hadi kumi, likunjue usuuze. Likiwa limekunjwa, sabuni inagusa juu na chini pamoja bila wewe kupanda ngazi. Klorini kali iache mbali na vinili na uzi wa mishono, pamoja na petroli na thina; vinaondoa ulaini wake na baada ya hapo inapasuka kwenye mikunjo.

Akriliki ambayo rangi yake ilitiwa tangu kwenye uzi inavumilia klorini ya kufulia ikizimuliwa: mililita 240 za klorini na 60 za sabuni laini kwa lita 4 za maji. Iache dakika kumi na tano hivi, isuuze sana, ikauke kwa hewa. Usichanganye klorini na siki au kitu chenye amonia, hata kwenye ndoo ambayo haikusuuzwa. Gesi inayotoka inaunguza mapafu. Na pampu ya maji ya kasi ibaki kwa magurudumu.

Matone yanadondoka ndani ya kivuli

Simama chini yake mchana wa jua kali utazame juu. Vitundu vidogo vinaonekana kama nyota, vingi vikiwa vimetokana na cheche za moto. Kwenye vinili, safisha pande zote kwa spiriti, paka gundi ya vinili au bandika kiraka cha uwazi juu na chini. Kata kiraka kwa kona za mviringo, kwani kona kali hubanduka kwanza.

Kwenye akriliki, matone si lazima yawe tundu. Ukiigusa kwa chini wakati mvua inanyesha, maji hupenya pale ulipogusa. Na kama maji yameacha kujikusanya kuwa vidonge juu yake na badala yake yanazama na kuacha weusi, dawa ya kufukuza maji imekwisha. Ioshe, ikauke kabisa, ipulizie nyingine.

Maji yakidondoka kati ya ukuta na reli, kitambaa hakina kosa. Hapo inahusu skrubu za ukutani, na nakusihi usizipuuze. Shika kila kishikio ukitikise. Jaribu kukaza skrubu: ikizunguka bila kukaza, mbao iliyo nyuma imeoza kwa maji yaliyopitia kwenye tundu hilohilo. Watu huweka skrubu nene zaidi, ikakaza kwa msimu mmoja. Bonyeza ukuta kuzunguka kishikio kwa kidole gumba. Ukibonyea, usilikunjue tena turubai hadi ukuta ufunguliwe na mbao ibadilishwe. Ukuta ukiwa mgumu, ondoa gundi ya zamani yote, uzibe upya.

Upepo, na turubai linalojifungua barabarani

Watengenezaji wengi hushauri kulikunja upepo ukifika kilomita 30 hivi kwa saa. Kwa macho, ni pale miti midogo yenye majani inapoanza kuyumba. Vigingi na kamba husaidia upepo wa kawaida. Dhoruba hung'oa kigingi na mkono pamoja.

Likianza kufunguka ukiwa njiani, utasikia kitambaa kikipigapiga kabla ya kuona kitu. Punguza mwendo polepole, toka barabarani mahali palipojikinga na upepo, ulifunge kwa mikanda kila mkono. Usiendelee kwa matumaini kwamba litashika. Chanzo huwa kimoja kati ya vitatu: vifungio vya safari havikufungwa, springi imelegea, au breki ya mota imekwisha. Kabla ya kuondoka vuta sehemu ya chini ya kila mkono kwa kiganja. Mkono uliofungwa vizuri hausogei.

Kitambaa kikifikia mwisho wake

Vinili inayoacha unga mweupe kwenye kidole, inayopasuka kila inapokunjwa, haitibiki kwa kiraka. Uzi nao huoza kwa jua mapema kuliko kitambaa, kwa hiyo vuta mshono kidogo kwa kucha kabla ya kuhukumu. Wakati mwingine ni kushona upya tu. Ukilazimika kuagiza kipya, pima kutoka katikati ya mkono mmoja hadi katikati ya mwingine turubai likiwa limekunjwa, kwa kuwa kipimo cha turubai huchukuliwa hivyo na kitambaa chenyewe huwa kifupi kuliko hapo. Andika pia upana wa kitambaa cha zamani na unene wa kamba ya pindo, uvipeleke vipimo vyote vitatu pamoja.